Jiko la pellet nililomfungia mama hapa Chanji: moshi ulitoka, balaa likaingia

Wakuu, wakubwa shikamooni. Wa rika langu, mambo vipi.

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mkiona herufi zimepishana mnivumilie. Ila nawaapia, humu sijatia chumvi. Na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, maana nimechoka kusoma nyuzi ambazo mwenye uzi ndiye mtu mwema peke yake mwanzo mwisho.

Mimi naitwa Ponsi, ni fundi simu hapa Sumbawanga mjini. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu simu zangu mwenyewe na kuangalia video.

Naishi Chanji na mama yangu na dada yangu Felista. Baba alishatangulia. Kwa hiyo mama ndiye kila kitu, na mtu akimgusa mama mimi sina breki. Hilo liwekeni kichwani, maana ndilo lililoniponza.

Sasa twende.

Mama ana kifua. Miaka yote anakohoa, sisi tukaona ni kawaida yake, kama mtu mwingine anavyokuwa na sauti nzito. Mwezi wa tano mwaka huu alikohoa mpaka akashika ukuta. Nikampeleka hospitali kwa lazima, maana mwenyewe alitaka kwanza amalize kuvuna.

Daktari akamuuliza, "Mama unapikia nini?"

"Kuni baba. Na mkaa kidogo."

"Mlango unafungua ukipika?"

Mama akacheka. "Baridi hii?"

Daktari hakucheka. Alinigeukia mimi. "Kijana, huyu mama moshi ndio unaommaliza. Mtoe kwenye moshi. Mapafu yake hayatakusubiri ujipange."

Hayatakusubiri ujipange. Neno lile lilinikaa kifuani wiki nzima.

Kwa wale wa Dar mnaolala na feni: njooni Ufipa mwezi wa sita na wa saba. Upepo unakuja kutoka huko juu unakata masikio. Maji ya ndoo asubuhi unayaogopa. Kwa hiyo mama zetu jikoni si pa kupikia tu, ndio sebule. Anafunga mlango, anaziba dirisha kwa gunia, anakaa na moto wake kutwa nzima. Kumwambia "mama toka jikoni" ni kama kumfukuza kwake.

Ndipo nikaingia mtandaoni nikakutana na jiko la pellet.

Msiolijua: ni jiko la chuma la kusimama. Linachoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ukiviona unaweza kudhani ni chakula cha kuku. Kuna feni inapuliza moto, na kuna bomba linalotoa moshi wote nje. Juu unapika, na chumba kinapata joto. Nikasema hili hapa, mama anabaki jikoni kwake, moshi unatoka.

Muuzaji yuko Mbeya. Duka lake silitaji, moderator asije akaniondolea uzi. Jamaa ana maneno! Kila nikiuliza kitu ananitumia video ya familia ya Wazungu wamekaa na soksi mbele ya jiko.

"Bro, mama yako atasahau kama kuna kitu kinaitwa kukohoa."

"Pellet nitapata wapi huku?"

"Sumbawanga wakala wetu yupo. Shika namba hii."

Bei siisemi, mtanitukana kabla sijafika kwenye kosa lenyewe. Nililipa. Jiko likaja na basi, limefungwa maboksi na kamba. Nikampigia wakala. Akapokea mama mmoja, nyuma yake vifaranga wanalia.

"Kaka, wewe wa nne mwezi huu. Mimi nauza vifaranga. Hizo pellet sijawahi kuziona."

Nikampigia jamaa wa Mbeya. Anasoma meseji, tiki za bluu hizo, kimya. Mpaka leo pellet naagiza mwenyewe kwa basi, gunia kwa gunia. MUUZAJI, KAMA UNASOMA HUMU: wewe ni mwongo na una roho mbaya. Nimeshasema, nimepumua.

Tuje kwenye kufunga.

Feni nilifunga mimi, nikaiunganisha na bateri ya sola ili umeme ukikatika isizime. Bomba nikamwita fundi bati, anaitwa Maduhu. Ana kibanda karibu na soko, anatengeneza ndoo, keni za kumwagilia, mifereji ya maji ya mvua. Wazazi wake ni Wasukuma, walikuja huku na ng'ombe zamani wakakaa Laela. Yeye kazaliwa Laela, anaongea Kifipa kuliko mimi. Hiyo pia ishikeni, itarudi.

Jikoni kwa mama juu ya mafiga kuna kichanja, fito zimepangwa. Pale mama ananing'iniza mahindi ya mbegu. Akivuna anachagua mwenyewe mahindi mazuri, anayavua maganda bila kuyakata, anafunga mawili mawili, anatundika. Yanakaa pale mpaka mvua za kwanza. Yakishushwa yamekuwa meusi kwa masizi kama yameungua, ila ukipanda yanaota yote. Mbegu ile alipewa na mama mkwe wake alipoolewa. Za dukani kwenye pakiti hataki hata kuziona.

Maduhu akasimama pale anaangalia juu, ana bomba mkononi. Akamwambia mama:

"Mama, bomba likishapita hapa moshi hautayafikia tena haya mahindi. Itakuwa sawa?"

Mama akafungua mdomo.

Mimi nikadakia. "Fundi, funga bomba. Moshi ndio tunaukimbia, wewe unauliza habari za moshi?"

Mama akafunga mdomo.

Wakuu, nimeuandika huo mstari mara tatu nikaufuta mara mbili. Ningenyamaza sekunde kumi tu, huu uzi usingekuwepo.

Maduhu akafunga. Kazi safi, lazima niseme. Bomba limepanda wima, likakunja kona chini ya kichanja, likatokea kwenye bati, na kofia juu mvua isiingie. Pale kwenye kona akapiga skrubu tatu. Tukawasha. Ndani hakuna hata harufu. Mama akanyoosha mikono kwenye joto, akasema, "Hee." Mimi nikajiona rais.

Mwezi mzima kikohozi kikapungua. Jamani, usiku nilikuwa naamka kwa sababu ya ukimya. Kila mgeni akifika namvuta jikoni kumuonyesha jiko, namweleza feni, bateri, bomba. Majirani wakaanza kunikimbia.

Kuna kitu kimoja niliona nikakipuuza. Nikisafisha jiko nakuta vipande vya magunzi vimeungua nusu, na masizi mengi kuliko yanavyotakiwa. Nikamwambia mama, "Mama, humu weka pellet tu." Akasema, "Sawa mwanangu." Nikajua yameisha.

Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa saba, mimi na Felista tukaenda misa ya kwanza. Mama akasema atakwenda ya pili, kwanza ateleke maharage.

Tumerudi, mlango wa jikoni umefungwa. Dirisha lina gunia.

"Mama!"

Nikagonga.

Nikasukuma mlango. Mama yuko kwenye kigoda, kaegemea ukuta, macho wazi. Jiko linawaka, feni imezimwa. Ananiangalia hanijui. Akaniita jina la baba.

Naomba nisiongeze hapo.

Tukambeba mimi na Felista mpaka barabarani, bajaji, hospitali. Njiani anatapika, kichwa anasema kinapasuka. Akawekewa oksijeni. Daktari ni yule yule wa mwezi wa tano.

"Nilisema mumtoe kwenye moshi!"

"Tulimtoa dokta! Tumeweka jiko la kisasa, lina bomba!"

"Basi bomba lenu halifanyi kazi. Hii ni sumu ya jiko kwenye chumba kilichofungwa. Mngekaa mpaka misa ya pili mngemkuta amekwenda."

Bomba halifanyi kazi. Mimi sikusikia kingine baada ya hapo. Bomba nani kafunga? Maduhu.

Jumatatu asubuhi, mama bado wodini, nikanyooka sokoni. Watu wamejaa. Maduhu kainama anagonga keni.

Nilichosema pale sitakiandika chote. Nilimuita muuaji. Nilisema kamfungia mama yangu sumu. Keni aliyokuwa kaimaliza niliipiga teke ikaenda mpaka kwa muuza nyanya. Na nikasema, kwa sauti, mbele ya watu wote, "Rudini kwenu mkachunge ng'ombe, ufundi muwaachie wenyewe!"

Yeye akasimama na nyundo mkononi. Akauliza:

"Ponsi, mama yuko wapi? Anaendeleaje?"

"Usimtaje mama yangu!"

Nikaondoka. Sikutosheka. Nikapiga picha kibanda chake kwa mbali, nikaiweka kwenye grupu la mtaa, nikaandika, "Huyu fundi asimfungie mtu chochote, nusura amuue mama yangu." Mpaka jioni kuna watu walikuwa wameenda kuchukua bati zao kwake. Mimi nasoma nafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

Jumanne mama akarudi nyumbani. Tukamtandikia mkeka uani, kwenye jua. Hana nguvu lakini yuko sawa. Hajui habari za sokoni. Felista anajua, ila kaninunia tu.

Saa nne hivi geti likafunguka. Maduhu, na baiskeli, na ngazi.

Nikasimama. "Umekuja kufanya nini hapa?"

Akanipita. "Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba baba. Nimeshapoa."

Ndipo akanigeukia. "Sijaja kugombana, Ponsi. Nimekuja kuangalia kazi yangu. Kama ni kosa langu nitalisema mwenyewe sokoni. Nishikie ngazi."

"Sishiki."

Felista akashika.

Akapanda. Nikawa nimesimama mlangoni nimekunja mikono, nasubiri ashuke nimalizie ya jana. Akakaa kule juu muda. Akashuka taratibu.

"Kona imezungushwa. Mdomo wa bomba unaangalia kichanja. Skrubu zangu tatu hazipo."

"Ulizifunga vibaya zikadondoka!"

"Zikidondoka zinakuwa chini. Ziko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye fundi!"

Nyuma yetu, uani, sauti ndogo:

"Ziko kwenye kikombe cha bati. Juu ya kabati."

Mama.

Felista akaingia ndani, akatoka na kikombe, akakitikisa. Kwekwekwe. Skrubu tatu.

Mama akaeleza akiwa anaangalia mkeka. Wiki ya pili baada ya kufunga jiko aliona unga mweupe umedondoka sakafuni chini ya kichanja. Anaujua unga ule. Dumuzi. Wadudu wameingia kwenye mbegu. Miaka yote hawakuthubutu kwa sababu ya moshi, sasa moshi haupo, wamejipakulia.

Akajaribu jivu. Akajaribu kuyaanika. Unga ukazidi. Ndipo akachukua kisu cha jikoni, akapanda kwenye stuli, akafungua skrubu, akazungusha kona bomba lipulizie mahindi. Moshi wa pellet ukawa mdogo, haufiki. Kwa hiyo akawa anatia magunzi na kuzima feni ili utoke mwingi. Nusu saa kila asubuhi tukiwa hatupo. Kisha anarudisha kila kitu kilivyokuwa. Jumapili kabla hajarudisha, kichwa kikamzunguka, hakumbuki kilichofuata.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Kila mtu akiingia hapa unamvuta ukamuonyeshe jiko. Umefurahi hivyo, mimi nije nikuambie jiko lako linaniulia mbegu?"

Kisha akasema, "Huyu fundi aliniuliza. Wewe ndiye ulijibu."

Hasira ile, wakuu, ilikuwa imejaa na haikuwa na pa kwenda. Nilitaka kulipiga lile jiko teke, ni la chuma. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa.

Nikarudi. Maduhu anafunga ngazi kwenye baiskeli.

"Fundi, samahani. Nimekosa."

Hakuniangalia. "Hiyo siipokei hapa. Ulinitukana sokoni, kaniombe msamaha sokoni. Na lile la ng'ombe, ulirudie kwa mdomo wako useme ulikosea. Mimi kwetu ni Laela."

Mama akasikia. "La ng'ombe ndilo lipi?"

Nadhani mnajua aliyejibu. Felista, neno kwa neno, na ishara za mikono.

Mama hakunipigia kelele. Alisema tu, "Kavae viatu."

Nikavaa viatu. Saa sita mchana, soko limejaa. Nikasimama mbele ya kibanda, nikasema, "Jamani, jana nilimtukana huyu fundi..." Muuza nyanya akapaza sauti:

"Ongea kwa nguvu! Jana tulikusikia mpaka stendi!"

Watu wakacheka. Nikapandisha sauti. Nikasema bomba halikuwa na kosa. Nikasema Maduhu ni wa hapa hapa, na neno nililosema nimelirudisha mdomoni mwangu. Sikusema mama alifungua skrubu. Nilisema jiko tulilitumia vibaya sisi nyumbani, mimi ndiye sikusikiliza nilipoulizwa. Hapo mnisamehe, humu nawaambia kwa sababu hamjui sura yake. Pale sokoni wangemcheka. Hawatamcheka nikiwa hai.

Kwenye grupu nikaandika hivyo hivyo. Waliochukua bati zao, wawili wamerudi. Wengine bado, na kila nikimkuta mmoja wao namng'ang'ania mpaka aone aibu. Mtu asimseme vibaya Maduhu mbele yangu sasa hivi, tutaonana wabaya.

Maduhu akanipa mkono. Jioni akaja, akafunga kona upya, safari hii kwa riveti, kisu hakifungui. Akatoboa na tundu la hewa kwenye ukuta. Kisha akamwambia mama:

"Nipe hizo mbegu zilizobaki nzima. Mama yangu Laela bado anapikia kuni, ana kichanja kikubwa. Nitazitundika kule, mvua zikikaribia nakuletea."

Mama akachambua hindi moja moja. Zaidi ya nusu zilikuwa zimeliwa, ukigonga zinatoa unga. Nzima akazigawa mafungu mawili. Moja kapukuchua akaweka kwenye mfuko ule usiopitisha hewa niliomnunulia (najua mlikuwa mnangoja kuniambia habari za hiyo mifuko). Hauamini. Kila asubuhi anaushika aone kama umetoboka. La pili akampa Maduhu.

Kwa hiyo mbegu ya bibi yangu, mama yake baba, leo inaning'inia kwenye jiko la watu niliowaambia warudi kwao.

Basi Maduhu akampigia mama yake pale pale kumwambia kuna mzigo unakuja. Akaweka spika. Mama yake akaitikia kwa furaha, akamsalimia mama yangu, wakaanza kuulizana habari za mahindi. Katikati ya sentensi akaanza kukohoa.

Akakohoa. Akakohoa. Sisi wote uani tumesimama tunasikiliza simu. Kikohozi kile tunakijua sisi. Ni kile kile kilichokuwa kinaniamsha.

Mama yangu akageuza uso.

"Moshi tu huo, mwanangu," akasema yule mama. "Tumeshazoea."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo leo, wakuu. Maduhu ana mikono ya kumfungia bomba mama wa kila mtu, na mama yake anakohoa hivyo, na mbegu yetu sasa inahitaji moshi wa kwake. Jiko lile ni ghali. Jamaa wa Mbeya anauza kwa uongo. Na katika wote wanaotuambia tuache kuni, sijamsikia hata mmoja aliyemuuliza mama mwenye nyumba moshi wake unafanya kazi gani mle ndani. Na mimi ni mmoja wao, nilimkata fundi kauli alipouliza.

Nilichojifunza ni hicho tu. Kabla hujamletea mama yako kitu cha kisasa, kaa naye jikoni siku mbili umtazame. Akifungua mdomo, wewe funga wako.

Sasa nataka msaada wa kweli. Mwenye kujua namna ya kutunza mahindi ya mbegu mpaka mwezi wa kumi na moja bila moshi na bila dawa kali, aandike hapa, nampelekea mama yangu na yule wa Laela. Maduhu ameshasema bomba la mama yake atatengeneza kwa mabati yake mwenyewe, jiko tunaliunda sisi wawili, mimi feni, yeye chuma. Mwenye mchoro au aliyewahi kuunda atupe maelekezo.

Wa kunitukana karibuni, nimestahili, safari hii sijibu.

Ila mama yangu msimguse. Wala yule wa Laela.